Makovu ya chunusi: cha kulipia kwanza ukiwa Mombasa

Kabla hujatoa hata shilingi moja, nawa uso, ukaushe, kisha simama kando ya dirisha, mwanga ukupige kwa ubavuni. Fumba macho upitishe kidole shavuni. Kidole kikiteleza bila kukwama popote, huna kovu, una doa. Kikikutana na vishimo au vinundu, hapo pana kovu. Sasa shika kioo, uivute ngozi taratibu kwa vidole viwili. Kishimo kikipotea ngozi inapovutwa, hakijaenda mbali. Kikibaki vilevile, kimezama.

Jaribio hilo ni la bure na huenda likakuepusha na hasara, maana matangazo ya mtandaoni kutoka Nyali hadi Mtwapa huuza “kuondoa makovu” kwa jumla, utadhani makovu yote ni mamoja. Kuna vishimo vyembamba vinavyoingia ndani kabisa, mdomo wake mdogo. Kuna vipana vyenye kingo zilizosimama, mfano wa alama za tetekuwanga. Kuna mabonde yasiyo na kingo, ambayo huyaoni mpaka mwanga utoke pembeni. Na kuna makovu yaliyovimba juu, hasa kwenye taya, kifua na mabega, ambayo tiba yake ni nyingine kabisa. Uso mmoja unaweza kuwa na aina tatu kwa pamoja.

Orodha ya tiba inayofuata nimeipanga kwa swali moja: mambo yakienda kombo, utabaki na nini usoni? Ngozi yenye weusi hujibu jeraha lolote kwa kumwaga rangi zaidi. Tiba inayomwachia Mzungu wekundu wa wiki moja inaweza kukuachia wewe weusi wa miezi. Hata kipimo ambacho madaktari hutumia kuzipanga ngozi, kile cha daktari Fitzpatrick wa Marekani cha mwaka 1975, mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe tu. Ngozi za kahawia na nyeusi, namba 5 na 6, ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo ukioneshwa picha za kabla na baada, tazama kwanza ni ngozi ya nani.

1. Daktari wa ngozi na dawa ya kupaka

Hii naiweka juu ingawa ndiyo isiyo na mvuto. Chunusi zikiwa bado zinachipuka, kila unacholipia ni kazi ya kufagia ufuo bahari ikijaa. Zizimwe kwanza. Na kama kidole chako kiliteleza bila kukwama, huenda hapa ndipo safari yako inapoishia.

Dawa anayoweza kukuandikia ni adapalini, ya kupaka usiku, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Inazuia chunusi mpya, inapunguza madoa, na kwa miezi mingi husaidia hata vishimo vya juujuu. Mwanzoni ngozi hukauka na kubanduka. Anza usiku mmoja, ruka mmoja. Mjamzito haitumii, na asidi ya azelaiki ndiyo mbadala wa kawaida kwake. Ipe dawa miezi mitatu kabla ya kuihukumu.

Pamoja nayo nunua krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, na uchague yenye rangi inayokaribia ngozi yako. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, nayo huzuia ule mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa watu weusi huzidisha madoa hata bila miale mikali. Anayesubiri feri Likoni saa saba mchana, au anayepanda tuktuk isiyo na pazia, anaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Bila krimu hiyo, namba zote zinazofuata ni pesa za kutupa.

Pa kuanzia kuulizia daktari wa ngozi ni Hospitali Kuu ya Pwani, Aga Khan ya Kizingo, Mombasa Hospital au Pandya. Afisa wa kliniki aliyesomea ngozi anatosha kwa hatua hii. Chuo cha ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifunza wataalamu wa aina hiyo tangu 1992. Kabla ya miadi, tafuta jina la daktari kwenye daftari la mtandaoni la baraza la madaktari, KMPDC. Leseni ni ya mwaka hadi mwaka, kwa hiyo fremu ya zamani ukutani haithibitishi kitu.

2. Sindano ndogondogo

Kliniki huiita mikronidlingi. Ni kalamu yenye sindano nyembamba zinazotoboa ngozi kwa kasi, ngozi ikajitibu kwa kutengeneza kolajeni mpya, yaani nyuzi zinazoijaza na kuishikilia ngozi, chini ya kovu. Kama una mabonde au vishimo vipana visivyozama sana, na una pesa ya tiba moja tu, nunua hii. Haichomi ngozi kwa joto, ndiyo maana hatari ya kubaki na weusi ni ndogo kuliko ya leza.

Urefu wa sindano ndio unaotenganisha tiba na mchezo. Kwa makovu, daktari hufika kati ya milimita 1.5 na 2.5, akipunguza karibu na macho na paji la uso. Hapo damu hutoka nuktanukta, na ni kawaida. Saluni inayokwambia “hutahisi chochote, hutatoka damu” inafanya kazi ya milimita nusu au chini ya hapo, ambayo huupa uso mng'ao wa siku chache na kuliacha kovu lilivyo. Unapakwa ganzi ya krimu dakika 30 hadi 60 kabla, kazi yenyewe si ndefu, na uso hubaki mwekundu na mzito siku moja hadi tatu. Hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, mara tatu mpaka sita. Kolajeni haina haraka: uso wa miezi mitatu baada ya mara ya mwisho ndio wa kuutolea hukumu.

Uliza kama kichwa cha sindano ni kipya na kifunguliwe mbele yako. Hili halina aibu wala adabu ya kuogopa; ni damu. Ukiwa na chunusi zenye usaha siku hiyo, au una historia ya keloidi (kovu linalovimba na kukua), daktari mwangalifu atakurudisha nyumbani, na huyo ndiye wa kurudi kwake.

Jambo moja la hapa kwetu: nyumba nyingi za kisiwani na bara hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Kwa siku ya kwanza ngozi ina matundu wazi, basi tumia maji ya chupa au yaliyochemshwa yakapoa. Anayetawadha mara tano amweleze daktari mapema ili wapange saa ya miadi. Baharini usiingie kwa wiki moja.

3. Kukata nyuzi chini ya ngozi

Mabonde mengine hayapandi kwa sindano ndogo kwa sababu yamefungwa kwa chini. Nyuzi za kovu zinaivuta ngozi. Daktari huingiza sindano bapa chini ya bonde na kuzikata. Njia hii ilielezwa Marekani mwaka 1995, haihitaji mashine ya bei, inahitaji mkono. Utavilia damu na kuvimba kwa wiki moja au mbili. Kwa mabonde makubwa, tiba hii ikifuatiwa na namba 2 hushinda leza nyingi, na mimi ningeipandisha juu zaidi lau wanaoimudu wangekuwa wengi. Si kazi ya saluni kwa hali yoyote.

4. Asidi ndani ya tundu

Hii ni ya vile vishimo vyembamba vilivyozama, ambavyo tiba nyingine hupita juu yake. Tangu madaktari wa Korea waieleze mwaka 2002, inafanywa hivi: asidi ya trikloroasetiki kali, asilimia 70 hadi 100, inadondoshwa kwa ncha ya kijiti ndani ya kishimo tu. Hapo hugeuka cheupe, baadaye hufanya kigaga, kisha hujaa kidogokidogo kwa kurudiwa. Tone likimwagika nje ya tundu, linachoma ngozi isiyo na kovu na tundu linapanuka. Asidi hiyohiyo inauzwa mtandaoni kwa yeyote. Usiiguse.

5. Leza

Nimeiteremsha mpaka hapa makusudi, ingawa ndiyo inayosifiwa kuliko zote na ndiyo ghali. Leza hutofautishwa kwa urefu wa wimbi la mwanga wake, unaopimwa kwa nanomita. Leza ya kaboni dioksidi, yenye nanomita 10,600, hubandua ngozi na kwa makovu mazito ina nguvu kweli, lakini kwa ngozi yetu ndiyo inayoongoza kwa kuacha weusi. Ile ya nanomita 1,550 isiyobandua ni salama zaidi, na ile ya 1,064 weusi wa ngozi huimeza kidogo. Basi muulize anayeiuza: ni ya nanomita ngapi, na ameitumia kwa watu weusi kama wewe mara ngapi? Akikujibu “ni leza ya kisasa”, ondoka. Mashine ya mwanga mkali inayonyolea nywele si leza na haiondoi kovu. Huiunguza ngozi nyeusi.

Afadhali zaidi, ukiipata, ni sindano zenye joto la mawimbi ya redio, kwa kuwa joto hutolewa chini na ngozi ya juu huachwa.

6. Fila na kuchubua kwa asidi nyepesi

Fila, yaani jeli ya kujazia ngozi inayochomwa kwa sindano, ya asidi ya hailuroniki huinua bonde siku hiyohiyo, kisha huyeyuka baada ya miezi kadhaa, na ukaanza kulipa upya. Ikichomwa ndani ya mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho, kwa hiyo ni kwa daktari tu. Kuchubua kwa asidi ya salisiliki au glikoliki hufaa madoa; kwa vishimo ni kidogo mno.

Makovu yaliyovimba

Keloidi haitobolewi kwa sindano ndogondogo wala haiunguzwi. Hudungwa sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi, ndani yake, kila wiki nne hadi sita, mpaka ilale. Ngozi hapo inaweza kupauka kwa muda. Jeli ya silikoni husaidia ikipakwa kwa miezi. Ukiikata peke yake bila sindano, mara nyingi hurudi kubwa zaidi.

Vya kuacha dukani

Mkorogo kwanza. Krimu na sabuni za urembo zenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku Kenya, na vikopo visivyo na lebo mara nyingi huchanganywa na steroidi kali, ambayo yenyewe huleta chunusi. Rola ya sindano ya kutumia nyumbani hailifikii kovu na hueneza usaha. Ndimu usoni kisha jua la Mombasa huunguza. Liwa sina ugomvi nayo, inapoza na inanukia, ila haijazi shimo. Na singo ya harusi isisuguliwe kwenye chunusi zilizoiva.

Bi harusi mtarajiwa aanze miezi tisa kabla, siyo wiki sita. Bima nyingi hulihesabu jambo hili kuwa urembo, kwa hiyo panga kulipa mwenyewe, na uulize jumla ya mara zote badala ya bei ya mara moja. Kifurushi cha mara sita kilicholipwa mbele kikatae. Lipia mara mbili, upige picha dirishani palepale, saa ileile, bila vipodozi. Miezi mitatu baadaye, kama picha hazitofautiani, rudi kwa daktari mkajadili kama aina ya kovu ilisomwa sawasawa.