Uzoefu wangu Banteay Chhmar: hekalu la Wakhmer utakalolizunguka bila kusukumana

Ukienda Angkor Wat, hekalu maarufu kuliko yote Kambodia, alfajiri kungoja jua lichomoze, jiandae kwa umati. Mbele yako simu zimeinuliwa juu, nyuma kuna watu wanaotaka usogee, na hekalu lenyewe unaliona kwa kuchungulia kati ya mabega. Sisemi usiende. Angkor Wat inastahili kila sifa inayopewa, na mtu akifika Kambodia akaondoka bila kuiona nitamshangaa. Ninachosema ni kwamba Wakhmer, watu wa Kambodia, walijenga kwa karne nyingi na walijenga kila mahali, na baadhi ya kazi zao bora kabisa zimekaa vijijini huko ambako mabasi ya watalii hayafiki. Kati ya nilizozitembelea, iliyonikaa zaidi rohoni ni Banteay Chhmar.

Iko mkoa wa Banteay Meanchey, kaskazini-magharibi mwa nchi, si mbali na mpaka wa Thailand. Kutoka Siem Reap, mji ulio jirani na Angkor, unashika barabara kuu namba 6 hadi mji wa Sisophon, halafu unakata kaskazini kama kilomita 60. Kwa gari la kukodi ni safari ya saa tatu hivi, na barabara ni ya lami. Nalisema hilo kwa sababu dereva wa kampuni moja alitaka kutuongezea nauli tukiwa tumeshafika Sisophon, akidai kwamba huko mbele njia ni mbovu. Si kweli. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kuondoka, na hakikisha imeandikwa.

Kiingilio ni dola 5. Angkor unalipa dola 37 kwa siku moja, kwa hiyo kwa bei peke yake tofauti ni kubwa. Ila bei siyo sababu ya kwenda. Sababu ya kwenda ni ukuta.

Hekalu hili lilijengwa na Mfalme Jayavarman VII, yule yule aliyejenga mahekalu ya Bayon na Ta Prohm kule Angkor, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Alitawazwa mwaka 1181, baada ya Wacham kutoka upande wa Vietnam ya leo kuuvamia na kuupora Angkor, mji mkuu wa Wakhmer. Maandishi yaliyokutwa humo yanaeleza kwamba hekalu lilikuwa la kumkumbuka mwanawe, Srindrakumara, pamoja na wapiganaji wanne waliokufa wakimlinda. Niliingia nikiwa najua jambo hilo, na lilibadilisha namna nilivyoyatazama yale mawe. Hapa ni mahali ambapo mzazi alimwekea mwanawe ukumbusho, na ameuweka mkubwa kuliko mitaa mingi ya miji yetu.

Paa karibu zote zimeanguka. Unatembea kati ya marundo ya mawe ya mchanga yaliyoota kuvu la kijani, mikuyu imepitisha mizizi kwenye milango, na ukiinua macho unakutana na mnara wenye uso mkubwa wa mtu aliyetulia, macho ameyashusha, midomo kama anataka kutabasamu. Kule Bayon nyuso kama hizi zipo nyingi zaidi, lakini kule utazipiga picha upishe wa nyuma yako. Huku nilikaa chini juu ya jiwe, nikautazama uso mmoja mpaka kivuli kikahama kutoka shavu moja kwenda la pili, na hakuna aliyenihimiza.

Sasa ule ukuta. Umelizunguka hekalu, umechongwa picha kutoka chini hadi juu, na sehemu kadhaa bado zimesimama. Mwongozaji wetu, kijana wa hapo hapo kijijini, alitupeleka kwanza kwenye vita vya majini. Mitumbwi mirefu imepishana, makasia yamepangwa sambamba, wapiga makasia wameinama wote upande mmoja na juu yao wamesimama askari wa mikuki. Wakhmer utawajua kwa nywele fupi na masikio marefu. Wacham wamevaa kofia zinazofanana na ua lililofunguka. Kijana yule alituchuchumalisha ili tuone kilicho chini ya mitumbwi, mahali ambapo mtu akipita kwa haraka haangalii kabisa: samaki wanapita kati ya makasia, na maiti waliotumbukia mamba wamewadaka. Mchongaji alikuwa anajua mto. Samaki hawafanani, kila mmoja ana magamba yake na mkao wake. Bila mwongozaji ningepitiliza nikaiita "picha ya vita", nikaenda zangu.

Kwa wasomaji Waislamu nitaongeza jambo moja hapa. Wacham wale wa kwenye ukuta hawakuwa Waislamu zama hizo, lakini wengi wa vizazi vyao wanaoishi Kambodia leo ni Waislamu. Siem Reap kwenyewe kuna msikiti na migahawa ya halali karibu yake, na wengi utakaowakuta pale ni Wacham. Kwenda kula kwao baada ya kuwaona babu zao wamechongwa na adui zao karne nane zilizopita ni jambo la kufikirisha sana.

Upande wa magharibi ndipo alipo Lokeshvara, mwenye huruma katika imani ya Kibuddha, amesimama na mikono mingi iliyotandazwa pande zote. Amechongwa zaidi ya mara moja, na mmoja wao ana mikono 32. Ukitaka kuihesabu utapotea njiani, kwa sababu kila mkono umeshika kitu na jicho linanaswa. Zamani walikuwa wanane katika ukuta huo. Leo waliosimama ni wawili, na karibu nao kuna pengo.

Pengo hilo halikuletwa na mvua wala mizizi. Mwishoni mwa mwaka 1998 wanajeshi walifika na mashine, wakaubomoa ukuta jiwe kwa jiwe na kuupakia kwenye malori. Lori moja lilikamatwa ndani ya Thailand likiwa na vipande zaidi ya 100 vya mawe. Vilirudishwa Kambodia mwaka 2000, na Lokeshvara wawili waliookolewa wameunganishwa upya ndani ya Makumbusho ya Taifa, Phnom Penh. Nilikwenda kuwaona baadaye. Wametunzwa vizuri, taa zimewekwa vizuri, lakini ukishaliona lile pengo kule kijijini huwezi kuwatazama kwa furaha tupu. Niliwakumbuka Wamijikenda wetu wa pwani ya Kenya na vigango vyao vilivyong'olewa vijijini na kuishia katika makumbusho ya Marekani, ambako vingine vimeshaanza kurudishwa. Anayenunua sanamu ya kale bila kuuliza imetoka wapi, amelipia nyundo iliyoivunja.

Hii ndiyo maana nasisitiza: lala kijijini, chukua mwongozaji wa kijijini, kula kijijini. Banteay Chhmar kuna kamati ya wanakijiji inayoendesha utalii wao wenyewe. Inapanga waongozaji, inagawa wageni kwa zamu katika nyumba za familia, na sehemu ya mapato inakwenda kwenye kazi za kijiji. Wenye hekalu wakiona faida yake mezani kwao, mwizi wa sanamu hapati wa kumwonyesha njia.

Nyumba niliyolala ni ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, na chini ya sakafu kuna kivuli ambamo mchana familia nzima inaishi: machela, kuku, pikipiki, bibi anachambua mboga. Chumba kilikuwa na godoro, chandarua safi na feni. Choo na bafu viko nje, unaoga kwa kata kutoka kwenye pipa la maji. Mwenyeji wetu, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Ming kama sisi tunavyosema mama mdogo, hakuwa na Kiingereza nasi hatukuwa na Kikhmer cha kufika mbali, lakini sahani zangu hazikukaa tupu. Wali, supu ya mboga yenye mchaichai, samaki wa mto wa kukaanga, na ndizi iliyofungwa ndani ya mchele wa kunata na kuchomwa kwenye jani. Asubuhi kahawa nzito na sukari ya mvumo. Nguruwe hupikwa sana huko, kwa hiyo usiyemla wajulishe kamati wakati wa kuweka nafasi, siyo mezani. Kwetu walipika samaki na mboga mwanzo hadi mwisho bila kununa.

Jioni walitupakia kwenye tela la pawatila kwenda kuzunguka mahekalu madogo yaliyotapakaa nje ya handaki la maji linalolizunguka hekalu, mengine yamo katikati ya mashamba ya mpunga. Linatingisha mifupa, lakini kwenye njia zile nisingechagua chombo kingine.

Yapo ambayo hayakunipendeza. Maelezo ya maandishi ni machache mno, kwa hiyo asiye na mwongozaji ataona mawe tu. Kuna sehemu za kupanda juu ya vifusi ambavyo havijatulia, na kwa mzee au mtoto mdogo sizipendekezi. Joto la mchana ni kali, ingia saa moja asubuhi, pumzika mchana, na urudi hekaluni saa kumi jioni. Noti za dola ziwe ndogo na ziwe nzima, kwa sababu iliyochanika hata kidogo inakataliwa nchi nzima. Na kama wewe bila kiyoyozi hupati usingizi, lala Sisophon uje kwa siku.

Kuhusu mahekalu mengine nitapita haraka. Beng Mealea ni ya karne ya 12, inafanana kwa ramani na Angkor Wat lakini imeachwa ilivyoanguka, na unaipitia juu ya njia ya mbao. Tiketi ya Angkor inatumika huko pia. Ni nzuri, ila watalii wameshaigundua, nenda mapema. Koh Ker, kiingilio dola 15, ilikuwa mji mkuu kati ya mwaka 928 na 944, na piramidi yake ya ngazi saba ina kimo cha mita 36 hivi. Huko uombe upelekwe Prasat Chen, zilikotoka sanamu za Duryodhana na Bhima, mahasimu wawili wa utenzi wa Kihindi wa Mahabharata. Wezi walizikata vifundoni wakaacha nyayo kwenye jiwe, na ni nyayo hizo zilizosaidia kuthibitisha wizi hadi sanamu zikarudishwa kutoka Marekani mwaka 2014. Sambor Prei Kuk, mkoa wa Kampong Thom, ni kongwe kuliko zote hizi, ya karne ya 7, matofali badala ya mawe, na baadhi ya minara ina pande nane. Imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2017. Msitu wake una kivuli, watoto wanauza skafu bila kukuganda, na mashimo ya mabomu ya Marekani ya miaka ya mwanzo ya 1970 bado yanaonekana kati ya minara. Ningekuwa na nafasi ya moja tu zaidi baada ya Banteay Chhmar, ningechagua hiyo.

Mwisho ni usalama, na hapa usifanye mzaha. Julai 2025 Kambodia na Thailand zilipigana mpakani, na mapigano yakarudi tena Desemba mwaka huo huo. Banteay Chhmar iko karibu na mpaka huo. Kabla hujalipia chochote, angalia tahadhari za safari za wakati huo na uiulize kamati ya kijiji moja kwa moja kama wanapokea wageni. Wakikwambia ngoja, ngoja, na uanze na Sambor Prei Kuk iliyo katikati ya nchi. Pili, mikoa ya mpakani bado ina mabomu ya ardhini yaliyobaki kutoka vita vya zamani. Hekalu lenyewe na njia zake zinatembeka, lakini usikate vichakani kutafuta picha wala kujisaidia, na ukiona kibao chekundu chenye fuvu rudi ulikotoka kwa kukanyaga nyayo zako. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari, na kamati iandikie mapema, kwa sababu nyumba za kupokea wageni si nyingi.