Vibao vya Brussels: vinatenda haki kwa lugha mbili, mgeni ajipange

Vibao vya kuelekeza njia vya Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, vinasomeka vizuri na viko pale vinapohitajika. Shida humpata anayefika na jina moja tu la kituo. Arts-Loi na Kunst-Wet ni kituo kimoja cha metro, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Yote mawili maana yake ni sanaa na sheria. Hapo ndipo unapotoka laini ya 1 au 5 kuingia ya 2 au 6.

Jina linalopoteza wageni zaidi ni Bruxelles-Midi. Midi hapa ni kusini, wala si katikati ya mji, na Kiholanzi kinalisema wazi: Brussel-Zuid. Treni ya kutoka uwanja wa ndege ikipita mjini huanza na Nord, kisha Central, ndipo Midi. Unakwenda Grand-Place, uwanja mkuu wa kale? Shuka Central. Unapanda Eurostar, treni ya kasi ya kimataifa? Ngoja Midi.

Vibao vya mitaa vimebuniwa kwa akili nyingi. PLACE JOURDAN PLEIN: jina ni Jourdan peke yake. Kifaransa hutanguliza place, Kiholanzi humalizia na plein, na yote mawili ni uwanja. Mstari mmoja umetosha lugha mbili.

Usawa huu unatokana na sheria za lugha za 1966, zinazozibana mamlaka za umma katika manispaa zote 19. Wingi wa wasemaji hauhesabiwi: Kifaransa kinasikika zaidi sana mjini, na sensa ya mwisho kuuliza lugha ilikuwa ya 1947. Maduka binafsi yako huru kikatiba. Ndiyo maana ukitokea kituo cha Porte de Namur ukaingia Matonge, mtaa wa Wakongo, mwenye duka huandika atakavyo, lakini Kilingala na Kiswahili havimo kwenye kibao cha mtaa. Kwa mji wenye wakazi wa lugha nyingi hivyo, huo ni upungufu mkubwa.

Mjini tunavipa 4 kati ya 5. Barabara kuu, 2 tu. Ukiingia Flanders, eneo la Kiholanzi, Mons huandikwa Bergen, Liège huwa Luik, hata Lille ya Ufaransa huitwa Rijsel. Upande wa Wallonia, eneo la Kifaransa, Antwerpen hugeuka Anvers na Mechelen huwa Malines. Dereva aandike majina yote mawili kabla ya safari, na akisitasita afuate namba ya barabara: E19 kwenda Mons, E40 kwenda Liège. Namba haibadiliki mpakani.