Farasi mwenye damu ya Thorobredi: yupi umnunue, yupi umpite

Kila anayetafuta farasi wa kuruka viunzi au wa dresaji (mchezo wa farasi kutembea kwa madaha akifuata ishara ndogo za mpandaji) hufika mahali ambapo muuzaji anakunjua karatasi ya nasaba na kuanza kutaja majina. Baba yake fulani, babu yake fulani, mama yake binti wa fulani. Mnunuzi anatikisa kichwa kama anayeelewa. Hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, ila mbuzi huyu ana kilo mia tano na anakula kutwa mara tatu.

Hapa nimewapanga farasi wenye damu ya Thorobredi, ile aina ya farasi wa mbio, kuanzia wa kununua hadi wa kumpita. Mpangilio wangu unafuata kanuni moja: miguu kwanza, tabia pili, kisha rekodi ya mbio, nasaba mwisho. Wafugaji watanibishia, na wana haki, kwa sababu wao wanazalisha na sisi tunapanda.

Hata hivyo damu yenyewe si porojo. Thorobredi alitokea Uingereza, kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, pale majike wa huko walipopandishwa na madume kutoka Mashariki. Watatu ndio wanaotajwa kama mababu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Daftari lao la nasaba lilianza kuchapishwa mwaka 1791. Wazungu humwita Thorobredi na farasi wa Kiarabu farasi wa damu moto, wale wazito wa kuvuta mikokoteni ni wa damu baridi, na katikati wapo wa damu vuguvugu, ambao ndio wamejaa kwenye mashindano makubwa ya viunzi na dresaji leo. Lakini hao wa vuguvugu walipashwa moto na nani? Dume Thorobredi aitwaye Ladykiller, aliyezaliwa 1961, alipelekwa Holstein huko Ujerumani akazaa Landgraf na Lord, na kizazi chao kimeenea kila mahali. Cor de la Bryère, dume mwingine aliyeijenga nasaba ya farasi wa Holstein, baba yake alikuwa Rantzau, naye Thorobredi. Kwenye karatasi za Kijerumani jina la Thorobredi huandikiwa xx mwishoni. Ukipewa nasaba ya farasi wa vuguvugu, usihangaike na majina usiyoyajua. Tafuta hizo xx na uone ziko vizazi vingapi nyuma.

Damu hiyo huleta pumzi ya kutosha, wepesi wa kunyanyua miguu, ngozi laini, na ile hamu ya kwenda bila kusukumwa. Bei yake ni kwamba jani likidondoka anaweza kuona simba. Na mwendo wake wa matiti, yaani ule wa katikati ya kutembea na kupiga shoti, mara nyingi ni wa chini chini, hautupi miguu mbele kwa madaha kama majaji wa dresaji wanavyopenda.

Namba moja: mstaafu wa mbio aliyekwisha kufundishwa upya

Kwa watu wengi huyu ndiye, na sababu ni kwamba mtu mwingine ameshakulipia miezi migumu. Farasi wa mbio huanza kukimbia akiwa na miaka miwili. Anaishi bandani karibu kutwa nzima, anakula nafaka nyingi, anatoka asubuhi kupiga shoti, anarudi. Siku anapoachishwa mbio, mwili wake ni kama wa mwanariadha aliyekatishwa mazoezi ghafla. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno. Anapungua misuli aliyoitumia, na kabla hajajenga mingine anaonekana kama mbao zilizofunikwa ngozi. Wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, anahitaji malisho, nyasi za kutosha na kuachwa awe farasi tu. Ukimkuta baada ya hapo, akiwa na miezi sita hivi ya kupandwa na mtu mwenye subira, unamwona alivyo kweli.

Na wanaweza. Touch of Class alikuwa farasi wa mbio asiye na sifa yoyote kabla hajachukua dhahabu mbili za viunzi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akiwa na Joe Fargis. Viunzi 91 aliruka, akagusa na kuangusha kimoja tu. Mjini Lexington, Kentucky, kila mwaka hufanyika mashindano ya wastaafu ambao mafunzo yao mapya hayajatimiza mwaka, na ukiwatazama wakivuka vizuizi vya nyikani, wakichunga ng'ombe, wakicheza polo, utaacha kuamini kwamba wanajua kukimbia duara pekee.

Omba rekodi yake ya mbio, kwa sababu hapo kuna habari kuliko kwenye nasaba. Watu huogopa farasi aliyekimbia mara arobaini. Mimi humfuata huyo. Aliyekimbia mara arobaini na akatoka akitembea sawasawa ameshafanyiwa mtihani ambao hakuna daktari anayeweza kuufanya kwa saa mbili. Ninayemwogopa ni yule wa mbio tatu halafu kimya. Tazama pia mapengo: miezi minane bila kukimbia ina hadithi yake, na muuzaji anaijua. Kama sababu ya kustaafu ni kwamba alikuwa mzito wa mbio, anashika mkia kila Jumamosi, hiyo ni habari njema kabisa. Uzembe wa mbio haumzuii kuruka kiunzi cha mita moja.

Halafu tumia mkono. Simama kando ya mguu wa mbele, ukitazama upande wa mkia, shika nyuma ya mguu chini ya goti kwa kidole gumba na cha shahada, kisha shuka taratibu hadi kwenye kifundo. Kano nzuri ni kama kamba iliyokazwa: nyembamba, baridi, kingo zake zinahisika. Rudia mguu wa pili. Unachotafuta ni tofauti kati ya miguu miwili: joto, unene, mahali farasi anapovuta mguu ukibonyeza. Kano iliyowahi kuchanika hubaki imetokeza nyuma kama upinde, hata ikiwa imepona. Iliyopona vizuri si lazima ikufukuze kama unataka dresaji nyepesi na matembezi. Kama unataka kuruka nyikani kwa kasi, mwache.

Namba mbili: chotara, mama Thorobredi na baba wa vuguvugu

Huyu angeshika nafasi ya kwanza kama angekuwa rahisi kumpata akiwa tayari amefundishwa. Anachukua pumzi ya mama, na baba anamwongezea mfupa, kwato pana zaidi na akili iliyotulia. Kwato si jambo dogo: Thorobredi wengi wana nyayo nyembamba na ukuta wa kwato unaomeguka, na fundi wa kwato atakuwa mgeni wako wa kudumu. Ubaya wa chotara ni kwamba hujui upande upi umeshinda mpaka afike miaka minne au mitano. Unaweza kupata mwenye mwili wa mama na uvivu wa baba, na pia kichwa cha mama juu ya uzito wa baba. Huyo wa mwisho sikuombei.

Namba tatu: aliyetoka uwanjani wiki iliyopita

Bei yake huvutia, na ndiyo maana watu wasio na uzoefu hukimbilia hapa. Kwa mpandaji mzuri mwenye mkufunzi karibu, ni biashara safi. Kwa anayeanza, hapana.

Watu husema farasi huyu hajafundishwa. Si kweli, amefundishwa mambo mengine. Anajua kupanda gari, kusimama akioshwa, kuguswa na kila mtu, kusikia kelele za umati. Asichojua ni kwamba mtu anaweza kumpanda akiwa amesimama juu ya ngazi. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, hurushwa juu ya tandiko na msaidizi, mara nyingi farasi akiendelea kutembea. Nakumbuka mmoja, maksai wa rangi ya kahawia: nilipopanda kwenye ngazi ya plastiki akageuza shingo, akanitazama juu hadi chini kama mtu aliyekuta mgeni amepanda juu ya meza yake ya chakula, kisha akasogea pembeni hatua mbili kwa adabu. Tulifanya hivyo siku nne.

Jambo la pili ni hatamu. Uwanjani, joki akishika hatamu kwa nguvu farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Wewe ukiogopa utavuta, yeye ataelewa ndiyo, twende. Hapo ndipo wengi huanguka na kusema farasi ni mwendawazimu. Tena kama alikimbia Marekani, mbio zote alizikimbia kwa kuzungukia kushoto, kwa hiyo upande wa kulia atakuwa mgumu kama mlango uliovimba. Hayo yote yanarekebishika kwa muda, ila yanataka mtu.

Namba nne: farasi wa vuguvugu mwenye xx za karibu

Ukitaka mashindano makubwa na una fedha, panda huku. Sam, aliyempa Michael Jung dhahabu ya Olimpiki London 2012 na tena Rio 2016 katika mashindano ya michezo mitatu (dresaji, nyikani na viunzi), amesajiliwa kama farasi wa vuguvugu wa Kijerumani, lakini baba yake ni Stan the Man xx na mama yake ni binti wa Heraldik xx. Umeona basi. Nimemshusha hadi nafasi ya nne kwa sababu moja: wengi wetu tunanunua farasi wa kiwango hicho kisha tunamwendesha kwenye viunzi vya sentimita tisini, naye anachoka na sisi.

Namba tano: Thorobredi aliyezalishwa kwa michezo

Wapo, na wazuri. Gem Twist, aliyechukua fedha Seoul 1988 akiwa na Greg Best, ni mmoja wao. Siku hizi ni adimu, na ukisubiri kumpata utazeeka unasubiri. Ukikutana naye, mpime kama namba moja.

Namba sita: mtoto asiyepandwa, anayeuzwa kwa majina

Huyu ndiye wa kumpita. Majina anayokutajia muuzaji karibu kila Thorobredi wa leo anayo. Northern Dancer, dume maarufu wa mbio, yumo kwenye nasaba za wengi mno kiasi kwamba kumtaja ni kama kusema farasi ana mkia. Na yeye mwenyewe alipotolewa sokoni akiwa mwaka mmoja hakupata mnunuzi, kwa sababu alikuwa mfupi. Mwaka 1964 akashinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za Marekani. Ikiwa watu wa kazi hiyo walimpita akiwa mbele ya macho yao, wewe utamwona vipi mjukuu wa mjukuu wake kwenye karatasi?

Yeyote utakayemchagua, leta daktari wako wa mifugo, asiwe wa muuzaji. Akunje viungo kisha farasi akimbizwe matiti, apige eksirei za magoti, vifundo na kwato za mbele, na mgongo pia, maana mifupa ya mgongo inayogusana imewasumbua Thorobredi wengi. Asikilize koo baada ya shoti: mlio wa kukoroma anapovuta pumzi ni tatizo la neva ya koo, na kwa farasi wa nyikani ni tatizo kubwa.

Na kagua kwamba farasi ndiye. Waliosajiliwa Marekani Kaskazini na kuzaliwa kuanzia 2017 wana chipu shingoni. Wakubwa zaidi waliowahi kukimbia wana chale ya wino ndani ya mdomo wa juu, na herufi yake huonyesha mwaka wa kuzaliwa. Niliwahi kwenda kumwona farasi jike wa miaka tisa, mpole, miguu baridi kabisa. Nikainua mdomo, nikamulika kwa simu. Herufi ilisema kumi na nne. Muuzaji akasema labda wino umefifia. Nilimfuta mate farasi, nikarudisha kamba, naye akanifuata hadi kwenye lango akinusa mfuko wangu wa karoti.