Kozi ya upatanishi niliyosoma Mombasa: kabla hujalipa, soma hii

Wenzangu wa HR wamekuwa wakiniuliza ile kozi ya upatanishi niliyoenda ilikuwaje maana na wao wanaitaka, na kila nikianza kujibu damu inachemka, kwa hivyo naandika hapa mara moja yaishe. Jibu fupi ni usiende. Jibu refu ni refu kweli na huenda nikifika mwisho nitakuwa nimelibadilisha, sijui, wacha niseme tu.

Mambo ya ukumbi na chakula na ada sitayagusa, brosha yao inayo yote. Mimi nina jambo moja nalo ni yule mkufunzi mkuu na alivyomfanyia mama mmoja mbele ya darasa zima.

Darasa lilikuwa mchanganyiko. Mpima ardhi, mhasibu, mawakili kadhaa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sheikh mmoja mpole sana, mimi wa kampuni ya mizigo, na huyo mama, muuguzi mstaafu, mtu mzima wa heshima zake. Wengi wetu tulikuja kwa sababu moja, tunataka kuingia kwenye orodha ya wapatanishi wa mahakama. Asiyejua ni hivi: Katiba ya 2010 kifungu cha 159 imesema mahakama ziendeleze upatanishi, mpango wenyewe ukaanza Milimani kule Nairobi mwezi wa nne 2016 halafu ukateremka huku kwetu, na siku hizi kesi za mirathi na za biashara zinaweza kutumwa kwa mpatanishi kabla hakimu ama jaji hajaanza kuzisikiza, na mpatanishi anapewa siku 60 amalize. Lakini hupewi kesi mpaka upitishwe na ile kamati ya kuidhinisha wapatanishi inayoitwa MAC, na MAC inataka uwe umefunzwa masaa 40. Ndiyo maana hizi kozi zimezagaa kila mahali, kila mtu ana masaa 40 ya kukuuzia.

Sasa hayo masaa 40, watu wa kazi hii watakwambia, roho yake ni maigizo. Unapewa kesi ya kubuni, wenzako wanakuwa pande mbili zinazogombana, wewe unakaa katikati, kochi, yani mkufunzi wa mazoezi, anakuangalia halafu anakurekebisha. Huwezi kujifunza kunyamaza kwa kusoma slaidi. Huwezi kujifunza kumrudishia mtu maneno yake bila kuyachafua kwa kusoma slaidi. Lakini huyu bwana, wakili wa siku nyingi na hilo alitukumbusha kila alipopata nafasi, siku za mwanzo zote alisimama mbele akitupigia hadithi za arbitresheni, ile ambayo mwamuzi ndiye anayekata shauri, Sheria ya Arbitresheni ya 1995 inasema hivi, tuzo, yani uamuzi wa huyo mwamuzi, inatenguliwa vile, kesi fulani alishinda yeye. Mpima ardhi akamuuliza kwa adabu, wakili, na upatanishi je? Akasema tutafika.

Tukafika. Igizo la kwanza la maana lilikuwa kesi ya mirathi, ndugu watatu na nyumba ya marehemu baba yao kule Majengo, tena nyumba bila ardhi, yani ile nyumba ni yao lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na wao hulipa kodi ya ardhi tu. Mtu wa Mombasa anajua hiyo ni kesi ya kweli kabisa, familia ngapi zimevunjika kwa nyumba kama hizo. Yule mama ndiye alikuwa mpatanishi. Sheikh alicheza kaka mkubwa aliyekataa kuongea.

Mama akaanza kwa Kiingereza kama karatasi ilivyoandikwa, akaona kaka mkubwa hafunguki, akageukia Kiswahili. Akamwambia, "Mwanangu, nimekusikia ukisema nyumba, nyumba. Lakini kila ukitaja nyumba unamtaja na marehemu. Kinachokuuma ni nyumba, ama ni vile wenzako walipanga mazishi bila kukuita?" Wallahi ukumbi ulibadilika. Hayo ya mazishi yalikuwa kwenye karatasi ya siri ya sheikh, mpatanishi hakupewa, mama aliyanusa mwenyewe kutoka kwa namna mtu alivyokuwa anaongea. Sheikh akainamisha kichwa, na nilikuwa karibu naye, hakuwa anaigiza tena. Ndugu zake wa igizo nao wakalegea. Hapo ndipo unapoona kazi hii ni nini.

Mkufunzi akagonga meza kwa kalamu. "Simama, simama. Kiingereza tafadhali, hii ni kozi ya maprofeshono." Mama akamwambia kwa upole kwamba huyu kaka hakuwa anafunguka kwa Kiingereza. Akamjibu, nanukuu maana niliandika pale pale kwenye daftari, "Ukitaka Kiswahili nenda kwa chifu."

Kwa chifu! Mama mwenye umri wa kumzaa! Mtu ambaye miaka yake yote amekaa na wagonjwa na jamaa wa wagonjwa saa nane za usiku akiwapatanisha juu ya nani alipe na maiti izikwe wapi, ndiye wa kuambiwa hivyo na mtu aliyekuwa ameangalia simu nusu ya igizo. Mama akarudi kwenye Kiingereza, igizo likafa, na karatasi yake ya tathmini ikaandikwa kwamba hajaumudu mchakato. Nilinyoosha mkono nikauliza Kiswahili kimekatazwa na sheria gani, akasema tusipoteze muda.

Nijibu mwenyewe basi. Katiba hiyo hiyo wanayotusomea ya 159, kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na kuna jambo zito zaidi hata kuliko adabu. Makubaliano ya upatanishi wa mahakama yakishasainiwa na kupelekwa kortini yanaingizwa kuwa hukumu, na hukumu hiyo haina rufaa. Haina. Kwa hivyo mjane wa Kisauni ama Likoni aliyekaa mbele ya mpatanishi anayemsemesha lugha asiyoimudu, akaona haya kuuliza, akatia sahihi, huyo ameondoka bila nyumba na rufaa hana. Halafu wewe unafundisha wapatanishi wa Mombasa na unawafundisha kumuogopa Mswahili akiongea? Hii ndiyo iliyonikera mpaka leo.

Sasa kusema ukweli lazima niseme na upande wa pili. Kulikuwa na kochi msaidizi, dada mmoja kutoka bara, kijana, na huyo ni mwalimu. Masaa machache tuliyopewa naye nilijifunza zaidi ya siku zote za yule bwana. Alitufundisha kikao cha faragha, ule wakati unakaa na upande mmoja peke yao, akasema usitoke mlangoni kabla hujauliza, "Katika haya uliyoniambia, lipi hutaki nitoke nalo?" na ukishaambiwa usilitoe hata kwa uso. Alitufundisha kutokimbilia kutoa suluhisho, mpatanishi si hakimu, ukianza kuwaambia watu haki ni ya nani umeshachagua upande. Akakaa na kila mmoja wetu, na yule mama alimwambia aendelee na lugha yake. Nimelitumia hilo swali la mlangoni kazini kwa dereva na supavaiza wake waliokuwa hawasalimiani, dereva akanieleza jambo la mkopo wa nyumbani ambalo hakutaka bosi ajue, nikalifunga moyoni, na mambo yakatengenea. Kwa hivyo nikifikiria huyo dada nataka kusema nendeni, ni pesa iliyotumika vizuri. Karibu niseme hivyo kabisa.

Lakini nikaandika malalamiko, kwa heshima, nikieleza ya mama. Ikakaa, ikakaa, nikapiga simu, karani akaniambia mkufunzi ana uzoefu mkubwa na kama nina maoni nijaze fomu. Nikamuuliza je mama ataruhusiwa kurudia igizo ili tathmini yake iandikwe upya, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikauliza na huyo dada atafundisha awamu ijayo? Hawajui, wakufunzi hupangwa dakika za mwisho. Yani unalipa bila kujua utafundishwa na nani!

Basi nimerudi pale pale. Kama huwezi kupata jina la mkufunzi kwa maandishi kabla ya kutuma pesa, pamoja na masaa mangapi ni ya maigizo na kochi mmoja ataangalia watu wangapi, usilipe, awe nani anauza. Na uwaulize MAC wenyewe kama mafunzo hayo wanayatambua, usiulize muuzaji. Hata ile ya lugha uulize wazi, naweza kufanya igizo kwa Kiswahili? Ukisikia anasitasita, kata simu.

Huyo mama bado hajapeleka maombi yake MAC, anasema ile karatasi imemvunja moyo. Tumemtafutia na sheikh kozi nyingine ambayo mkufunzi wake tumeongea naye wenyewe kwa simu, kwa Kiswahili, kwa muda mrefu. Hawa wa kwanza nao bado nawadai tathmini mpya ya mama, na mpaka waitoe anayeniuliza nitamwambia asiende.