Kitabu Kipi cha Kufuma kwa Mkono Ununue Kwanza

Mwili wa sweta haumsumbui mtu. Kazi huharibikia shingoni, begani na kwenye ukanda wa vifungo. Video itakuonyesha njia moja na kukuacha hapo. Kitabu kizuri cha rejea hukuwekea njia kadhaa na kukuambia ipi inafaa wapi, na kwa nini. Hilo ndilo unalolipia, kwa hiyo tumepanga vitabu hivi kwa kigezo hicho.

Kabla ya kulipa, tafuta ukurasa wa ukanda wa vifungo. Uzi wa unene wa kati unaofumwa kwa sindano za milimita 4 hutoa takriban vitanzi 22 na mistari 28 katika sentimita 10. Upande wa mbele wenye urefu wa sentimita 50 una basi mistari 140. Ukanda hufumwa kwa kuokota vitanzi, yaani kuvuta vitanzi vipya kwa sindano kutoka ukingoni mwa upande huo. Ukiokota kitanzi kimoja kila mstari, unapata vitanzi 140, yaani karibu sentimita 64 za ukanda kwenye ukingo wa sentimita 50. Lazima ukanda huo ufanye mawimbi. Ukiokota kimoja kila mistari miwili, unapata vitanzi 70, sawa na sentimita 32, na sweta inavutwa juu kwa mbele. Ukiokota vitatu kila mistari minne, unapata 105, takriban sentimita 48, na ukanda unakaa umenyooka. Kitabu kinachosema tu "okota vitanzi kwa usawa" kirudishe rafuni, hata kama picha zake zinavutia.

1. Kitabu cha Montse Stanley

Stanley alizaliwa Barcelona akafanya kazi yake Uingereza. Mkusanyiko wake wa vitabu na vifaa vya ufumaji uko Chuo Kikuu cha Southampton. Kitabu chake kilitoka mwaka 1986 kwa jina *The Handknitter's Handbook*, kisha Reader's Digest wakakitoa kama *Knitter's Handbook*. Angalia hapo, maana watu hununua vyote viwili wakidhani ni vitabu tofauti.

Tumekipa nafasi ya kwanza kwa sababu kinapanga mbinu kwa matumizi. Njia za kuanzisha vitanzi, na za kuvifunga mwishoni ili visifumuke, zimewekwa pamoja, na unaelezwa ipi inavutika, ipi ni imara na ipi ni ya mapambo. Chukua shingo ya sweta ya mtoto wa shule. Vitanzi 88 kwa kipimo kile cha 22 ni sentimita 40, na kichwa cha mtoto kinaweza kufika 52. Ukifunga kwa njia ya kawaida huku umekaza mkono, sweta haipiti kichwani, ufume vizuri kiasi gani huko chini. Dawa ni kufungia kwa sindano iliyo nene kwa milimita 1 zaidi. Au fuma vitanzi viwili pamoja, rudisha kile kimoja kilichopatikana kwenye sindano ya kushoto, kifume pamoja na kinachofuata, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Ufafanuzi wa namna hii ndio unaofanya kitabu kikae karibu na kikapu cha uzi.

2. The Principles of Knitting, June Hemmons Hiatt

Kwa kina, hiki ndicho kikubwa kuliko vyote hapa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1988, likaisha madukani, na nakala zilizotumika zikafika mamia ya dola. Mwaka 2012 kikatoka upya kikiwa kimeandikwa tena kwa sehemu kubwa, kurasa zaidi ya 700. Nunua hili la pili. Bei ya lile la zamani ni bei ya wakusanyaji, haimsaidii mfumaji.

Mbona basi si cha kwanza? Mwandishi anazipa baadhi ya mbinu majina yake mwenyewe, kwa hiyo kulinganisha na maelekezo ya sweta uliyonayo mkononi kunakula muda. Halafu ni kizito. Ukiagiza kutoka nje, uliza nauli kabla ya kushangilia bei.

3. Knitting Without Tears, Elizabeth Zimmermann

Hiki cha mwaka 1971 kinasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, si cha kutafutia jibu usiku wa manane. Thamani yake ni hesabu ya asilimia. Ukishajua vitanzi vya kifua, vingine vyote vinatoka humo: kwenye kifundo cha mkono asilimia 20, juu ya mkono 33, kwapani 8. Kifua cha vitanzi 220 kinakupa 44, 73 na 18. Ukiwa na uzi usio na karatasi ya maelekezo, hiki kinaweza kukufaa kuliko vyote vilivyotangulia.

4. Vogue Knitting: The Ultimate Knitting Book

Michoro yake ni ya rangi, mikubwa na iliyo wazi, hivyo anayeanza kabisa akipandishe hadi namba moja. Kuna toleo la 1989 na lililorekebishwa la 2018. Chukua jipya.

5. Mary Thomas's Knitting Book

Ni cha mwaka 1938, na Dover walikichapa tena mwaka 1972, kwa hiyo kwa kawaida ni rahisi kukipata kwa bei ndogo. Usikichanganye na kile chake cha 1943, ambacho ni cha mitindo ya vitanzi. Tatizo ni namba za sindano. Ni za zamani za Uingereza, ambazo hupanda kadiri sindano inavyokuwa nyembamba: namba 10 ni milimita 3.25, wakati namba 10 ya Marekani ni milimita 6. Ukikosea hapo unafuma hema. Nunua pamoja nacho kibao cha kupimia sindano chenye matundu, usome milimita.

Kwa nakala iliyotumika, mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa haki za uchapishaji, usome mwaka wa toleo. Omba pia picha ya faharasa ya mwisho. Kurasa za nyuma ndizo huanza kuachia, na kitabu cha rejea kisicho na faharasa usikilipie bei kamili.