Huduma ya kukokotoa joto la misombo kwa kompyuta: hesabu safi, lebo ya hovyo

Tangu mwaka jana nimekuwa nikiitumia huduma hii ya mtandaoni kwa ajili ya karakana yetu ya nishati ya kupikia hapa Nyakato, Mwanza, ambako hatuna kalorimita ya bomu, chombo cha kupimia joto la kitu kinapoungua, wala fedha ya kuinunulia, na hadi majuzi nilikuwa nikiisifia kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Leo naandika nikiwa na hasira, na msomaji alizingatie hilo.

Niliomba entalpi ya uundikaji wa ethanoli, yaani badiliko la joto inapoundwa kutokana na elementi zake, ikiwa kimiminika, kwa kuwa majiko yetu hujazwa kimiminika, hayajazwi mvuke. Ripoti ikarudi na kilojuli −235 kwa moli, na pembeni pameandikwa "kimiminika, nyuzi 25 za Selsiasi". Aliyewahi kufungua jedwali la kemia anajua kwamba hiyo ni thamani ya gesi. Ya kimiminika ni takribani −277.6, na tofauti ya kilojuli 42 na ushei ndilo joto la kuivukiza. Ukiichukua namba ile jinsi ilivyo, moli moja ya ethanoli itaonekana kutoa kilojuli 1,409 inapoungua, ilhali kiasi cha kweli ni kama 1,367. Hiyo ni asilimia 3 ya joto ambalo halipo, na mama lishe wa Kirumba atakapouliza limekwenda wapi, hatamuuliza mwenye kompyuta, ataniuliza mimi.

Nilipompigia wakala wao, kijana aliyepokea simu hakunisalimu hata kwa shikamoo ya kuniondoa njiani. Alisema, "Mzee, kompyuta haikosei, labda jedwali lako ni la zamani." Nikamweleza kwa upole kwamba kompyuta haikukosea, kwamba mbinu ya msongamano wa elektroni hukokotoa molekuli moja iliyo peke yake, isiyo na majirani wa kushikamana nao, na kwa hiyo jibu lake ni la gesi mpaka iongezwe hatua ya kukadiria hali ya kimiminika, aliyekosea ni aliyebandika lebo. Akajibu kwamba wateja wenye elimu hawalalamiki, kisha akakata simu. Nimefundisha kemia sekondari tangu kijana huyo hajazaliwa!

Haki itendeke, hata hivyo. Kama thamani ya gesi, namba ile ni nzuri mno: wakemia hulenga kosa lisilozidi kilokalori 1 kwa moli, yaani kilojuli 4 na kidogo, na hii imo ndani ya mpaka huo. John Pople na Walter Kohn, walioweka misingi ya hesabu za aina hii, hawakupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998 bure. Kwa molekuli ndogo ningeendelea kuiamini hesabu yao, ingawa kwa methili oleeti, ile tunayoitengeneza kwa mafuta ya sangara na methanoli, nasita, kwa sababu mnyororo wake mrefu wa kaboni hujikunja kwa namna nyingi, nayo ripoti ilichukua umbo moja tu bila kutamka lolote. Entropi ya hapo, yaani kipimo cha namna nyingi ambazo molekuli inaweza kujipanga, siigusi.

Nilikuwa nimeweka nyota moja, nikaifuta na kuweka tatu kwa heshima ya hesabu. Nikiikumbuka simu ile, zinarudi kuwa mbili. Lebo haijasahihishwa hadi leo. Usajili wangu unakwisha mwisho wa mwezi na huenda nikaulipia tena, kwa sharti kwamba simu ipokewe na mtu mwingine.