Kadi ya benki, launji ya uwanja wa ndege na yai la elfu tisini

Mara ya kwanza kuitoa ile kadi ya benki nilirudishwa mlangoni mwa launji, ukumbi wa abiria kupumzika na kula uwanjani wakingoja ndege. Ilikuwa Dubai, mwaka 2023, natoka kufunga mzigo Deira, mtaa wa masoko kulekule, miguu imevimba, na rohoni nilishajiona nimekaa kwenye kochi. Dada wa mapokezi akaipokea kadi, akaigusisha kwenye kimashine chake, akatazama skrini, akanirudishia kwa adabu zote. Haijasajiliwa. Nikamwonyesha ujumbe wa afisa wangu wa benki: "Hongera kaka, sasa launji unaingia bure dunia nzima." Akatabasamu tu. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, na hata angeuelewa, usingefungua mlango.

Mimi nina duka la vifaa vya uvuvi karibu na mwalo wa Kirumba, pale boti zinaposhusha samaki, hapa Mwanza. Nyavu, kamba, spea za injini za boti, na siku hizi zaidi ni taa na betri za kuvulia dagaa. Wenye kazi hii wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawavuliwi. Taa inashindana na mwezi na inashindwa. Mitumbwi inakaa pwani, wavuvi wanashona nyavu, duka linapoa. Siku hizo ndizo zangu za kusafiri, mara mbili au tatu kwa mwaka: Mwanza, Dar, Dubai, na kurudi. Napanda daraja la kawaida, kiti cha katikati nikikosa cha pembeni. Lakini benki iliona fedha zinavyopita kwenye akaunti, ikanipigia simu, ikanipandisha kadi. Ada ya mwaka inakaribia laki mbili. Kilichonishawishi ni hizo launji.

Basi pale nje ya mlango nikaegemea ukuta nijaribu kuisajili. Ukishaingiza namba za kadi, benki inatuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini yako ya simu. Laini yangu ilikuwa imelala. Sikuiunganisha itumike nje ya nchi, maana nikifika kule nanunua ya kulekule. Zile tarakimu zilinifikia siku iliyofuata, ndege inatembea kuelekea jengo pale Dar, nimewasha simu tu, zikaingia mfululizo kama watu wanaodai.

Nyumbani kazi yote ilichukua dakika kumi. Kwanza ilibidi nipige simu benki waifungue kadi kwa malipo ya mtandaoni, maana ilikuja imefungwa na hakuna aliyeniambia. Kisha nikaisajili, ikakatwa dola 1 ya kuhakiki, ikarudishwa baadaye. Kwa hiyo anayesoma hapa na ana kadi kama yangu, aisajili leo, akiwa kwake, laini yake ikiwa hewani. Na atazame jina. Kadi yangu ina majina mawili, pasipoti ina matatu, na kuna mtu mlangoni aliwahi kukaa na vyote viwili mkononi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kitu kingine nilichokielewa kwa kuchelewa ni kwamba benki yangu haina launji Dubai, wala haina Dar. Inanunua nafasi kutoka kwa mitandao inayokusanya launji za watu mbalimbali. Mkongwe ni Priority Pass, ulioanza 1992, ambao unakupa uanachama wenye kadi yake au msimbo wa QR kwenye simu. LoungeKey ni ndugu yake, vyote viko chini ya kampuni ya Collinson ya Uingereza, ila huo unatumia kadi yako ya benki yenyewe. Wenye Visa huwa na programu ya Visa Airport Companion, wenye Mastercard wana Mastercard Travel Pass, na hizo mbili zinaendeshwa na DragonPass. Ukienda benki ukauliza "mna launji?" utajibiwa "ndiyo" na hutakuwa umejua chochote. Uliza ni mtandao gani, mara ngapi kwa mwaka, na mgeni analipiwa na nani. Launji ya shirika la ndege, ile ya abiria wa daraja la juu, ni habari nyingine kabisa. Unaweza kuona mlango wa kioo wenye maua, ukaonyesha kadi yako, na ukaelekezwa ghorofa nyingine.

Kadi yangu inatoa mara nne kwa mwaka. Nne hizo benki inalipa. Ya tano nalipa mimi, na bei yake ni kama ya mgeni, dola 35. Kwa kulinganisha, ukijiunga Priority Pass kwa mfuko wako, kifurushi cha chini ni dola 99 kwa mwaka, halafu kila ukiingia unalipa dola 35 nyingine. Ukitazama hivyo, kadi ya benki si mbaya. Ukitazama hivyo.

Safari iliyofuata niliondoka nimejipanga. Radi za ziwa letu hupenda kupiga usiku kuelekea alfajiri, na ndege ya kwanza ya Mwanza ikikutana nazo unaweza kukaa pale uwanjani mpaka jua likuchome. Kwa hiyo nilichukua ndege ya asubuhi mapema ili hata ikichelewa niwahi ile ya jioni ya Dubai. Haikuchelewa. Nikashushwa Dar, Terminal 2, nikakokota begi mpaka kwenye teksi, nikaenda Terminal 3 ya ndege za nje, na hapo nikawa na saa saba mkononi. Nikasema leo ndiyo leo.

Nyingi ya saa zile nilizimalizia kwingine. Launji iko ndani, ukishapita ukaguzi na uhamiaji. Huwezi kupita bila bodingi pasi, ile karatasi ya kupandia ndege, na bodingi pasi huipati mpaka shirika lifungue kaunta, kwa ndege yangu kama saa tatu kabla. Hata ukipata mapema kwa simu, launji nyingi hazikupokei zikiwa zimebaki zaidi ya saa tatu ndege iondoke. Nilikaa sehemu ya nje na begi katikati ya miguu, nikanywa maji niliyotoka nayo Mwanza, nikiwa najua kuna kochi langu juu ya kichwa changu. Kaunta ilipofunguliwa nilikuwa wa tatu kwenye foleni.

Nilipoingia, haki ya Mungu, palikuwa pazuri. Kadi ikaguswa, karatasi ikatoka, nikasaini, imeandikwa mgeni sifuri. Supu ya moto, sambusa ndogondogo, matunda yaliyokatwa, kahawa ya mashine, waifai isiyokatika, na soketi ya umeme kila kiti. Mtu asiyesafiri anaweza kucheka, lakini nilichokifurahia zaidi ni choo kisafi na mahali pa kuswali kwa utulivu bila kumwomba mtu anishikie mzigo. Nilikaa saa mbili na nusu, nikapiga hesabu zote za mzigo, nikampigia kijana wangu dukani nikamweleza bei mpya za betri. Siku ile niliisifu kadi kwa watu wawili.

Kisha ikaja Aprili 2024. Safari ile sikungoja mbalamwezi, niliondoka siku chache baada ya Idi. Tarehe 16 Dubai ilipigwa na mvua ambayo wenyewe walisema haijaonekana tangu waanze kuweka kumbukumbu miaka 75 nyuma. Barabara zikawa mito, magari yakaelea, ndege zikafutwa. Nilikuwa niondoke tarehe 17. Mtu mmoja wa kundi letu, Mkenya, aliniambia, "Wewe si una kadi? Nenda ukalale launji." Nami kwa muda kidogo niliamini. Lakini kuchekini kulisimamishwa. Hakuna kuchekini, hakuna bodingi pasi. Hakuna bodingi pasi, hupiti. Ile launji ingeweza kuwa mwezini. Tulirudi hoteli ileile ya Deira, tukalala wanne chumba cha wawili, na mwenye hoteli, Mungu ambariki, hakupandisha bei.

Sasa nije kwa Mama Mdogo.

Mama Mdogo anauza vitenge hapa mjini, na mwisho wa mwaka ule aliomba tuongozane akajionee soko mwenyewe. Asubuhi ya kurudi tulifika uwanjani Dubai mapema, kila kitu kimeenda sawa, nikasema leo nitampa heshima yake. Mlangoni nikaulizwa, "Mgeni mmoja?" Nikasema ndiyo. Karatasi ikatoka, nikasaini huku nimegeuka kumsaidia begi. Sikusoma.

Ndani alisimama mbele ya bufee kama mtu aliyefika msibani asijue akae upande gani. Akanivuta mkono.

"Mwanangu, hawa wanauza au wanatoa?"

"Wanatoa, mama. Chukua chochote."

Akazunguka meza yote. Alitazama soseji, akauliza ni nyama ya nini. Alitazama jibini, akaniambia hiyo hata Bwiru, kwetu Mwanza, ipo. Mwisho akarudi na yai moja la kuchemsha na kikombe cha chai. Ameshiba, alisema, chapati alizobeba kutoka Mwanza zilibaki mbili na alizimaliza hotelini ili zisitupwe. Alilimenya lile yai taratibu, akakunja maganda kwenye karatasi ya mkono, akatafuta pa kuyaweka, hakuona ndoo, akayatia kwenye mkoba. Yalifika Mwanza.

Wiki mbili baadaye nikiwa dukani nahesabu boya, ujumbe wa benki ukaingia. Elfu tisini na kitu. Nilidhani nimeibiwa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikazungushwa kwa watu watatu, wa tatu akanisomea: mgeni mmoja, tarehe fulani, dola 35, na makato ya kubadilisha fedha. Nikamwambia afisa aliniahidi bure. Akasema bure ni ya mwenye kadi. Nikauliza kwa nini nimekatwa sasa na siyo siku ile. Akasema launji inapeleka hesabu kwenye mtandao, mtandao unaipeleka benki, benki ndiyo inakata. Alikuwa mstaarabu na alikuwa sahihi, saini ni yangu. Lakini yule aliyenipigia simu kuniuzia kadi aliongea robo saa nzima, na neno "mgeni" halikumtoka.

Hayo yote ningeyasamehe. Kinachoniuma ni kwingine, na nadhani kila msafiri wa Kanda ya Ziwa ananielewa. Siku hiyohiyo na Mama Mdogo ndege ya kutoka Dubai ilichelewa, tukafika Dar ya mwisho ya kwenda Mwanza imeshaondoka. Tukawa na usiku mzima mbele yetu. Nina kadi, nimebakiza nafasi, nimechoka, nina mtu mzima pembeni yangu. Na launji iko ghorofani, upande wa wanaotoka nchini, nasi tumeshaingia nchini. Tulilala kwenye viti mpaka alfajiri, Mama Mdogo amejifunika kitenge cha sampuli.

Hilo ndilo benki haiwezi kuliona kutoka mezani kwake. Mtu wa Dar anatoka kwake Mbezi, anachekini, anapita, anakula, anaruka. Kwake kusubiri ni kwa upande mmoja tu wa uhamiaji. Sisi wa Mwanza kusubiri kwetu kuko kabla: kwenye ndege ya ziwani iliyozuiwa na mawingu, kati ya Terminal 2 na Terminal 3, usiku wa kuunganisha kurudi nyumbani. Na nikiandika uwanja wa Mwanza kwenye programu ya kadi yangu, haitokei launji hata moja. Ile safari ninayoipanda mara nyingi kuliko zote ndiyo kadi haiijui.

Mwaka jana nilitumia nafasi tatu kati ya nne. Kwa bei ya mlangoni hiyo ni dola 105, na ndivyo afisa atakavyokupigia hesabu. Mimi napiga tofauti. Bila launji ningenunua chai na kitafunwa, labda dola 15, basi. Mara tatu ni 45. Ada niliyolipa inazidi hapo. Nimeenda tawini kuuliza kama naweza kurudi kadi ya chini na kulipia launji siku ninayoihitaji, kwa sababu nyingi zinapokea fedha taslimu au kadi yoyote mlangoni. Dada wa pale akasema watanipigia. Hawajapiga. Wakipiga sina hakika nitasema nini, maana kuna siku moja Dubai nilitembea Deira tangu saa mbili asubuhi, joto la Agosti, nikaingia launji nikakuta bafu, taulo safi na maji ya moto. Nilipanda ndege nikiwa mtu. Ile moja sijui niitie bei gani.

Juzi Mama Mdogo kanipigia. Vitenge vimekwisha, anataka kwenda tena. Akauliza, "Na pale pa yai tutapita?"

Nimemwambia asimalize chapati hotelini.